Shangazi Hakuenea Kwenye Karatasi

Jumamosi, 6 Julai

Siku kubwa! Mahari ya Rosette imepokelewa leo kwao Mutanga Nord, na mpiga picha nilikuwa mimi. Si Fabrice. Mimi, Jovithe, mwenye studio Ngagara na apareyi halisi ya picha, ya kuning'inia shingoni. Fabrice ni binamu wa bibi harusi na ana simu tu, lakini alizunguka ua mzima ameinyanyua juu kana kwamba kuna mtu aliyemtuma.

Niandike wazi kwa nini siku ilikuwa kubwa. Rosette ana mdogo wake, Benite. Benite ananipenda, alisema mwenyewe mwezi wa tano, bila kulazimishwa. Jumapili ya tarehe 21 baba yangu mdogo atakwenda kwao kunibishia hodi, yaani kuniposea. Na katika nyumba ile baba mwenye nyumba husikiliza tu. Anayejibu ni dada yake, Shangazi Mathilde. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akikohoa, wageni wanaanza kutafuta mlango. Mimi tangu Pasaka amenikoholea mara nyingi.

Ndiyo maana leo nimepiga picha ya kuniozesha. Chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, katikati. Kushoto familia ya Rosette, kulia familia ya bwana harusi, wakubwa wote wameinama, kila mmoja na mrija wake mdomoni, wanakunywa chungu kimoja. Ndio udugu wenyewe. Shangazi alikaa kiti cha mwisho kabisa kushoto, karibu na mlango wa jikoni, ili aone nani anatoka na Fanta mbili. Alikataa kusogea. Ikabidi atafutiwe mrija mrefu kuliko yote. Mwisho kabisa kulia alikaa msemaji wa bwana harusi, Mzee Musafiri, mzaliwa wa Uvira anayeishi Kigobe, mgane mwenye maneno matamu. Nikaiweka apareyi kwenye lile umbo refu la sinema, nikabonyeza. Wote wameingia!

Fabrice aliniambia nirudi nyuma kidogo, niache nafasi pembeni kwa ajili ya kuchapa. Ushauri wa mtu wa simu. Nilimwambia asimame pembeni yeye.

Mpango ni huu: picha hiyo, kubwa, ndani ya kadre ya dhahabu, ukutani kwao kabla ya tarehe 21. Kadre ninazo. Nilinunua rundo zima kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka arudi Bukavu. Zote saizi moja, ishirini kwa ishirini na tano, bei ya kutupa. Alinisaidia mwenyewe kuzibeba mpaka barabarani, na alikuwa na furaha sana.

Jumatatu, 8 Julai

Mjini kwa miguu, mafuta ya magari hakuna tena. Nimekwenda kwa Zayd, mtaa wa Asiatique. Duka lilikuwa la vitambaa enzi za babu yake, sasa ni la kuchapa picha, na mashine yake ni nzuri kuliko zote ninazozijua. Zayd mwenyewe ana subira. Inakera.

Aliitazama picha, akaitazama kadre, akaniuliza nilianza na ipi. Nikasema kadre. Akashusha pumzi. Akaanza kueleza polepole, kama anamwelekeza mgeni njia ya sokoni. Picha yangu ni ndefu, kadre yangu ni fupi na nene. Haziwezi kuwa sawa. Ama tuikate picha kushoto na kulia, ama ibaki nzima, juu na chini pawe na utepe mweupe.

Utepe mweupe! Nikamwambia weupe ni wa tangazo la msiba. Karatasi ninalipia nzima, basi wino uijaze nzima. Siwezi kuwatundikia wakwe karatasi tupu ukutani.

Akanionyesha kisanduku kwenye skrini. Kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, lakini hakipanuki. Nikamwambia akipanue. Akasema kikipanuka, picha haitaingia kwenye kadre. Nikamwambia basi akiache kilivyo, ila akipanue kidogo tu. Tulibishana mpaka mama mmoja aliyeleta picha za komunio akaomba anieleweshe yeye. Sikumruhusu.

Mwishowe Zayd akakiweka kisanduku katikati, chungu kikiwa kati kabisa, akaniuliza kama ni sawa watu wa pembeni wabaki nje. Mimi bado nilikuwa na hasira za utepe, sikutazama. Nikamwambia achape! Akasema mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Nikamjibu kwamba mimi ni Mkatoliki.

Imetoka inang'aa. Hakuna weupe hata chembe. Nimeifunga hapo hapo kwa karatasi ya maua.

Jumanne, 9 Julai

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nimefika Mutanga na zawadi kwapani. Familia yote sebuleni. Nikatoa hotuba fupi kuhusu kumbukumbu na udugu. Baba yake Benite akafungua karatasi. Wakasema waa, wakasogea. Kisha mmoja mmoja wakageuka kumtazama Shangazi.

Chungu kipo. Rosette yupo. Mirija ipo, na mmoja, mrefu kuliko yote, unatoka ukingoni mwa kadre bila mtu. Hakuna mdomo. Hakuna mkono. Mrija tu, unaingia chunguni peke yake.

Shangazi alivaa miwani. Alifuata mrija kwa kidole mpaka kwenye dhahabu, kidole kikakwama. Akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Huu muheha uko wa nani?"

Nikasema ni wake. Nikaongeza kwamba ndio unaoonekana vizuri kuliko yote. Haikusaidia.

Alinieleza taratibu, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu asiyekunywa chunguni na wenzake ni mtu aliyetengwa. Anayenyimwa mrija amefanya jambo ambalo halisemwi mbele ya watoto. Na sasa kila atakayeingia sebule hii atauliza Mathilde alifanya nini hata akatolewa chunguni siku ya mahari ya mutoto wa kaka yake. Akasema tarehe 21 huenda akawa na shughuli nyingine. Akakohoa.

Benite alinisindikiza hadi getini. Bila Shangazi, tarehe 21 hakuna wa kumjibu baba mdogo. Alikuwa karibu kulia. Akasema niichape upya picha nzima, na utepe mweupe wake, yaishe. "We, ni karatasi tu!" Nikamwambia ni heshima. Akauliza heshima ya nani. Nimeumia sana na swali hilo.

Sitaweka utepe. Njia ipo.

Alhamisi, 11 Julai

Njia imepatikana! Kwa nini kukata watu wakati unaweza kuwabana? Kanisani mtu akichelewa, benchi zima linasogea na anapata nafasi. Nimemweleza Zayd. Akasema picha siyo benchi. Nikamwambia aibane tu, kutoka kushoto na kulia, mpaka iingie yote.

Aliibana. Alifunika macho kwa mkono, lakini aliibana. Wote wamo! Shangazi kushoto, Mzee Musafiri kulia, karatasi imejaa. Kweli wamekuwa warefu na wembamba kidogo. Chungu kinafanana na chupa. Mimi naona kumependeza, watu wa Ulaya wanalipia wawe hivyo.

Nimekwenda Mutanga saa ambayo Shangazi yuko kwaya, nikabadilisha picha mwenyewe. Benite aliitazama, akakaa chini. Nadhani alizidiwa na furaha.

Jumapili, 14 Julai

Hapana. Hapana kabisa.

Nilisahau kitu kimoja. Shangazi Mathilde ni mama mwenye mwili, na mwili huo anajivunia, kila kilo. Ijumaa wanakwaya walipita kwao wakaona ukutani mtu mwenye kitenge chake, shingo ndefu, mashavu yameingia ndani. Jumamosi asubuhi mmoja akaleta uji. Mwingine akaleta maji ya baraka. Wa tatu alimshika Shangazi mkono akamwambia Mungu hawasahau watu wake. Shangazi akadhani wanakusanya michango.

Leo misani, kwenye maombi ya wagonjwa, katekista amesoma majina. La tatu: mama yetu Mathilde wa Mutanga Nord. Mama yetu Mathilde amekaa safu ya pili, amejaa benchi. Kanisa zima limegeuka. Niliona anataka kukohoa. Niliona anakumbuka kwamba leo akikohoa atakuwa amethibitisha. Alikizuia kikohozi mpaka machozi yakamtoka, na wamama wa nyuma wakaanza kumhurumia zaidi.

Nje ya kanisa nilijificha nyuma ya gari la padri. Kutoka hapo nimeona jambo baya kuliko yote. Shangazi amefungua mkoba akatoa picha ndogo, akawaonyesha wanakwaya. Picha ya chungu, nzima, yeye kushoto na mwili wake wote. Na pembezoni weupe! Fabrice kaichapa. Ya simu! Wanakwaya wanaipapasa, wanasema kumbe ni mzima, kumbe ni yule yule, na Fabrice kasimama hapo anachekacheka na meno yake yote nje.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekwenda nyumbani bila kula.

Jumanne, 16 Julai

Zimebaki siku chache. Nimefikiri kama mtu mzima.

Kosa halikuwa kukata. Kosa lilikuwa watu kukaa pembeni. Sasa, kama Shangazi alikataa kusogea siku ile, nitamsogeza mimi. Zayd amekataa kushiriki zaidi ya kuchapa, amesema kumhamisha mtu bila idhini yake hata kwenye picha ni dhambi. Vizuri. Nimeifanya mwenyewe, kwenye kompyuta yangu, hapa studio.

Nimemkata Shangazi kutoka kushoto. Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nimemkata na Mzee Musafiri kutoka kulia, naye mzee wa watu asipotee. Nafasi ilikuwa moja tu, nyuma ya chungu, katikati kabisa. Nimewaweka pale. Bega kwa bega. Mirija yao imepishana, nikaona imependeza, nikaiacha. Sasa umbo limetosha, hakuna aliyebaki nje, hakuna weupe. Na Shangazi yuko mahali pa heshima kuliko wote!

Nimechapa mbili. Zayd alichapa bila kunitazama usoni. Moja nimeipeleka Mutanga, nyingine Kigobe kwa Mzee Musafiri, ili ajue kwamba upande wa bibi harusi una mpiga picha anayejali watu.

Ijumaa, 19 Julai

Benite amekuja studio. Hajawahi kuja studio. Alisimama mlangoni, akaniuliza kama nina akili zote.

Yaliyotokea ni haya. Jana Mzee Musafiri alifika kwao Mutanga amevaa suti, shati limenyooshwa, na mananasi mkononi. Akaomba kuongea na Shangazi faraghani. Akamwambia ameielewa picha. Picha ya familia mbili, maharusi wenyewe wamesukumwa pembeni, halafu yeye na Mathilde katikati, nyuma ya chungu, mirija imepishana! Akasema katika ukoo wao ujumbe wa namna hii haurudishwi bila jibu, na kwamba kwa upande wake jibu ni ndiyo.

Shangazi hakuwa ametuma ujumbe wowote. Shangazi hata picha hakuwa ameiona, maana tangu maombi ya wagonjwa alikuwa hatazami ukuta ule.

Nikamuuliza Benite kama Shangazi alikohoa. Benite akasema hapana, na hilo ndilo linalowasumbua wote. Alimwambia mzee picha ni ya uongo, imetengenezwa na kijana asiye na adabu. Mzee akasema hata hivyo amefika. Akapewa kiti. Walikula nanasi. Mpaka saa kumi na moja jioni wakubwa wale wawili walikuwa wamekaa ukumbini wakinisema mimi, na mara mbili Shangazi alisikika akicheka.

Nikasema basi, nimeleta furaha nyumbani! Benite akasema nimeleta aibu, ila aibu imepata bahati. Akaongeza kwamba anachoka. Alisema hivyo tu, anachoka, akatazama rundo la kadre zangu kama mtu anayetazama mke mwenza. Mimi Benite nampenda, hata hapa naandika, nampenda kweli, na Jumapili ikiharibika sijui nitafanya nini na maisha yangu.

Akachukua kadre moja bila kuniuliza, akaenda nayo kwa Zayd. Najua amekwenda kufanya nini. Sikumfuata.

Jumapili, 21 Julai

NDIYO! Amesema NDIYO!

Niandike kwa utaratibu. Tumefika, baba mdogo na mimi, na kreti za vinywaji. Ukutani, ndani ya kadre yangu ya dhahabu, ile picha ya chungu. Nzima. Shangazi kushoto na unene wake kamili, Musafiri kulia. Juu weupe, chini weupe. Kila anayeingia anaisifu. Baba mdogo mwenyewe ameisifu, akaniuliza kwa sauti kubwa kama ni kazi yangu. Fabrice akajibu kwamba ni kazi ya Benite. Mimi nimekaa kimya, lakini nimekaa kimya kama mtu anayepinga.

Baba mdogo akabisha hodi kwa maneno mazuri. Wote wakamtazama Shangazi. Shangazi akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu hata nikajikuta naanza kukohoa mwenyewe. Kisha akasema kijana ni mukaidi, lakini mukaidi anayerudi kila siku na zawadi ni afadhali kuliko mupole asiyekuja. Akasema yeye alitolewa chunguni, akaugua, akaposwa, yote ndani ya wiki mbili, na bado yuko mzima, basi hata Benite atapona.

Vigelegele! Nililia kidogo. Ilikuwa vumbi.

Sharti lilikuwa moja. Leo apareyi yangu isitoke begini, picha apige Fabrice. Nilikubali. Ila singeweza kumwacha apoteze mwanga, kwa hiyo nilisimama karibu naye kumwelekeza mpaka akaniomba nikakae. Viti vilikuwa vimejaa. Nikapata stuli mwisho kabisa kulia. Benite katikati, na Shangazi, kama kawaida, mwisho kushoto karibu na jikoni. Picha imetoka ndefu. Inapendeza, sitasema zaidi.

Jumatano, 24 Julai

Fabrice amenitumia picha ya posa yangu. Nimekwenda nayo kwa Zayd, na kadre ya dhahabu mkononi.

Zayd alipoiona kadre alikaa kwanza. Akaniuliza kama nimejifunza lolote. Nikamwambia nimejifunza mengi: Shangazi hakatwi, habanwi, hahamishwi. Akasema alhamdulillahi. Akasema basi tuweke utepe mweupe. Nikamwambia apana! Posa yangu mwenyewe, niizungushie msiba? Mbele ya Fabrice?

Basi tukarudi kwenye kisanduku. Tukikiweka katikati, Shangazi anatoka. Tukikisogeza kulia, Shangazi anatoka zaidi. Tukakisogeza kushoto mpaka mwisho. Shangazi akaingia wote, na kiti chake, na mlango wa jikoni. Benite akabaki ndani. Baba yake akabaki. Baba mdogo akabaki. Zayd akageuka akaniambia kwamba kuna mtu mmoja tu anayebaki nje, akauliza kama namjua. Nikatazama. Nikamwambia namjua vizuri, hatalalamika.

Imetoka inang'aa! Karatasi imejaa, kona hadi kona. Na si kweli kwamba simo. Goti langu linaonekana, kulia chini, ndani ya suruali mpya. Ni goti zuri, na anayenifahamu atalitambua.

Nimeipeleka Mutanga jioni hii. Benite aliitazama, akauliza ameposwa na nani. Nikamwonyesha goti. Aliingia chumbani, lakini hakufunga mlango kwa nguvu, na kwa Benite hiyo ni dalili nzuri. Baba yake akaenda kutafuta msumari.

Shangazi Mathilde alivaa miwani. Alipitisha kidole juu ya dhahabu yote, pande nne. Akajiona, mzima, mnene, mahali pake. Akatafuta kulia. Akatafuta tena. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza kunitabasamia tangu nimjue, akasema mbele ya watu wote kwamba tangu nianze kazi hii sijawahi kutengeneza picha nzuri kama hii.

Hatimaye! Nilijua tu wangenielewa. Nimemwahidi kwamba hata za harusi nitazikata mwenyewe, vivi hivi.